Spika ya kushoto inakwaruza: kabla hujaizika amplifaya ya mzee

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi upande wa Khayega, Kakamega, ameniandikia hivi:

"Fundi, habari za kazi. Marehemu baba aliniachia redio yake kubwa: amplifaya ya chuma na maboksi mawili ya spika yanayofika kiunoni, vyote vya miaka ya 1980. Tangu mwaka jana spika ya kushoto inakwaruza besi ikiingia, hata sauti ikiwa ndogo. Kisha Desemba tuliongeza spika mbili za gari kwenye veranda kwa ajili ya wageni, na sasa tukifungulia sana, pande zote mbili zinapasuka na amplifaya inachemka. Nyimbo napiga kutoka kwa simu. Fundi wa hapa aliisikiliza dakika moja tu akasema amplifaya imekufa, ninunue nyingine. Je, ni kweli?"

Hapana, Mwalimu, siamini. Rudia kusoma barua yako polepole utaona umenieleza magonjwa mawili. La kwanza linakaa upande mmoja na halijali kama sauti ni ndogo au kubwa. La pili liko pande zote mbili, huja mkifungulia tu, na lilianza Desemba, mwezi ule ule mliopigilia spika za gari ukutani. Amplifaya iliyokufa haichagui mwezi namna hiyo. Mwenzangu aliyekuja hapo simsemi vibaya, huenda alikuwa na kazi nyingine inamsubiri, lakini dakika moja inatosha kusikia kelele, haitoshi kujua inatoka wapi.

Kazi yangu hapa Kisumu, karibu na Kibuye, ni hiyo kwa sehemu kubwa: kutafuta kelele inatoka wapi. Kulehemu waya ni sehemu ndogo. Na njia ninayotumia hata wewe utaiweza bila kufungua skrubu moja. Unahamisha kitu kimoja, kimoja tu, halafu unasikiliza kama kelele nayo imehama.

Anza kwa kuzitoa spika za veranda kabisa. Usizizime kwa swichi, zing'oe waya nyuma ya amplifaya. Tutazirudia. Toa pia kila kitu kilichokaa juu ya maboksi: fremu za picha, sahani za ukumbusho, vikombe vya mashindano ya shule. Nimewahi kusafiri hadi Maseno kwa ajili ya spika iliyokuwa "imepasuka", nikakuta ni kopo la sarafu juu ya boksi. Nilikunywa chai, nikarudi zangu.

Sasa zima amplifaya, ng'oa na plagi ukutani. Nyuma yake kuna waya za boksi la kushoto na za boksi la kulia. Zibadilishane: za kushoto zichomeke palipokuwa za kulia, za kulia palipokuwa za kushoto, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Angalia sana kusibaki unyuzi hata mmoja wa shaba unaogusa upande wa pili, maana unyuzi mmoja ndio unaogeuza amplifaya nzima kuwa amplifaya ya kutengenezwa. Washa, piga wimbo ule ule, kwa sauti ile ile.

Boksi lile lile lililokuwa likikwaruza likiendelea kukwaruza, ugonjwa uko ndani ya boksi au kwenye waya wake, na amplifaya haina hatia. Mkwaruzo ukihamia boksi la pili, basi boksi ni zima na tatizo liko kwenye amplifaya au kabla yake. Hapo rudisha waya za spika kama zilivyokuwa, kisha fanya vivyo hivyo upande wa kuingiza sauti: ule waya unaotoka kwa simu una vichwa viwili vinavyoingia nyuma ya amplifaya, chekundu na cheupe. Vibadilishane. Kelele ikihama, laumu waya au simu. Isipohama, amplifaya ndiyo yenye kujibu.

Neno kuhusu cha kupiga unapopima. Watu huchukua wimbo wenye kelele nyingi kuliko zote, kisha hawajui kipi ni kelele na kipi ni wimbo. Mimi huanza na mtu anayesoma taarifa ya habari redioni. Sikio lako limesikia sauti za binadamu tangu utotoni, na wewe mwalimu zaidi ya wengi, kwa hiyo mkwaruzo mdogo kwenye herufi kama "s" au "b" hautakupita. Nikishatoka kwa msomaji wa habari naenda kwenye benga. Besi ya benga haitulii, inaruka na kukatika, na pale inapokatika ndipo spika mbovu hujitaja, kwa sababu mkwaruzo hubaki nyuma kidogo baada ya noti kwisha.

Kwa maelezo yako, nitashangaa kama kelele ya kushoto itahama. Inakuja na besi, inakuja hata kwa sauti ndogo, iko upande mmoja. Hiyo ni spika. Toa kitambaa cha mbele cha boksi. Mara nyingi fremu yake imeshikwa na vijiti vinne vya plastiki, kwa hiyo ivute taratibu kutoka kwenye kona. Utaona spika kubwa ya besi chini na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, juu yake. Tazama ukingo wa ile kubwa, pale karatasi inapokutana na fremu ya chuma. Ukingo ukiwa wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole. Sponji nzima hubonyea ikarudi. Iliyooza hubaki na alama ya kidole, au hukuachia unga mweusi wenye kunata. Sponji hiyo haihitaji kuonewa ili ioze: unyevu, joto na umri vinatosha, na boksi lililofunikwa shuka chumbani huoza sawasawa na lililopigwa kila Jumamosi. Kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 20. Ya mzee, kama haijawahi kubadilishwa, imekula miaka ya nyongeza.

Ukingo ukionekana mzima, au ukiwa wa mpira au kitambaa, endelea. Weka vidole vya mikono yote miwili juu ya karatasi, pande mbili zinazotazamana, karibu na kile kifuniko cha mviringo cha katikati bila kukigusa chenyewe, kwa sababu kikibonyea hakirudi. Sukuma ndani milimita chache tu, kwa uzito sawa, kisha achia. Spika nzima huingia na kutoka kimya. Ukisikia au kuhisi kitu kama msasa unaopita kwenye ubao, umempata mwizi.

Nyuma ya karatasi kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa kwenye kibomba, nayo inaelea ndani ya mwanya wa sumaku. Nafasi iliyobaki kila upande wa koili ni ndogo sana, mara nyingi haifiki nusu milimita. Ukingo ukioza upande mmoja, karatasi inalala, koili inagusa chuma, na kila inapocheza inajisugua. Noti za juu huitikisa karatasi kidogo sana hata husikii kitu. Besi huisukuma mbali, ndiyo maana mkwaruzo wako unangoja besi iingie.

Usidanganywe na mita ya umeme hapa. Fundi atapima spika yako, mita isome omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 6 au 7, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha spika iliyoandikwa 8, naye atatangaza kwamba ni nzima. Mita inakuambia tu kwamba waya wa koili haujakatika. Haijui kama unasugua. Nimeona spika nyingi zilizopasishwa na mita na kukataliwa na vidole, na vidole ndivyo vilivyokuwa sahihi.

Kuna tiba mbili. Ukingo ukiwa mzima na mkwaruzo mdogo, zima kila kitu, fungua skrubu za spika, igeuze nusu mzunguko ili ya juu iwe chini, uifunge tena. Unaweza kucheka, lakini spika nzito iliyosimama wima miaka 40 imevutwa na uzito wake upande mmoja, na ukiigeuza uzito huo huo unaanza kuirudisha. Ninaye mteja wa Luanda ambaye nilimgeuzia ya kwake nikamwambia arudi baada ya mwezi tubadilishe ukingo. Ni mwaka wa tatu huu hajarudi, na anapokutana nami mjini ananisalimia kwa furaha, kwa hiyo nadhani bado inacheza.

Ukingo ukiwa umeoza, unabadilishwa ukingo peke yake. Karatasi, koili na sumaku hubaki zile zile. Usikubali kununuliwa spika mpya ya bei rahisi ya kipimo kile kile na kutiwa ndani ya boksi hilo, kwa sababu boksi la mzee lilichongwa kwa ajili ya spika yake. Kabla hujampa fundi kazi hiyo, muulize swali moja: koili utaiwekaje katikati? Anayejua atakueleza jinsi anavyokata kifuniko cha katikati, akaingiza vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka koili, ndipo akabandika ukingo mpya, na kuviondoa gundi ikishakauka. Akikuambia "itakaa tu", mshukuru, mlipe nauli, aende. Na asije na ile gundi ya kukauka papo hapo, hukauka ngumu kama kioo, na ukingo wa spika kazi yake ni kulegea. Niliwahi kuletewa spika kutoka Ahero iliyozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, imebandikwa kwa ustadi kabisa, mwenyewe akijivunia. Haikukwaruza tena. Haikutoa besi pia.

Twende kwenye veranda, ambako ndiko kwenye hatari.

Amplifaya hupata nguvu yake kwa transfoma iliyo ndani, na umeme unaotoka hapo una kimo chake. Chukulia ni volti 30 kwenda juu na 30 kwenda chini. Wimbi la sauti likitaka kufika 40, halifiki, kichwa chake kinakatwa bapa. Ni kama mtu mrefu anayetaka kusimama wima ndani ya matatu: dari halimwongezei nafasi, yeye ndiye anayekunjika. Wimbi lililokatwa kichwa ndilo unalosikia likipasuka.

Sasa hesabu. Spika za nyumbani za enzi za mzee kwa kawaida ni omu 8, za gari ni omu 4. Ukizifunga pamoja kwenye vishikio vile vile vya waya nyuma ya amplifaya, omu hazijumlishwi, zinapungua: 8 na 4 zikikaa sambamba zinafanya takriban 2.7. Amplifaya nyingi za miaka ile zimeandikwa nyuma, kando ya vishikio vya spika, kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Soma yako, utakuta 8 au 4, na si rahisi ukute 2. Omu zikipungua, amplifaya inavutwa itoe mkondo mwingi kuliko ilivyoundiwa. Inachemka. Transfoma inazidiwa, volti zinashuka, na lile dari la matatu linakuja chini zaidi, kwa hiyo sauti inapasuka mapema kuliko zamani. Jioni umeme wa mtaani ukilegea chini ya zile volti 240 zetu, taa zikififia, dari linashuka tena.

Kuna na jambo la sikio. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu, amplifaya inatakiwa kutoa nguvu takriban mara 10. Ile iliyokuwa ikitumia wati 5 mkizungumza sebuleni inaombwa 50 wageni wakitaka kucheza. Nobu ya sauti, ile unayozungusha, nayo haisemi ukweli. Ikifika nusu ya mzunguko, na simu imefunguliwa hadi mwisho, huenda nguvu yote imeshakwisha na nusu iliyobaki ni ya kuongeza uharibifu tu. Ukiongeza na nobu ya besi, umemaliza akiba hata kabla mgeni wa kwanza hajaketi.

Watu hudhani twita huunguzwa na amplifaya kubwa. Ninazozikuta mezani kwangu nyingi zimeunguzwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa, kwa sababu wimbi lililokatwa kichwa huzaa nguvu nyingi ya sauti za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo, na zote huelekezwa kwa twita. Kwa hiyo mnapoisikia ikipasuka na kuvumilia kwa sababu "wageni hawajaondoka", mnakula twita za mzee.

Kwa hiyo spika za gari zisirudi kwenye amplifaya hiyo pamoja na maboksi. Zipe amplifaya ndogo ya kwao. Ukishindwa kabisa, zifunge zote mbili kwa mfuatano, waya ukitoka kwenye nyekundu ya amplifaya uingie nyekundu ya spika ya kwanza, nyeusi yake iende nyekundu ya pili, nyeusi ya pili irudi kwenye amplifaya. Hapo zinakuwa omu 8, na uzipige zenyewe, maboksi ya ndani yakiwa yametolewa. Veranda itasikia upande mmoja tu wa wimbo. Wageni hawatajua.

Halafu, Mwalimu, sijaiona sebule yako lakini nimeziona nyingi: kama juu ya amplifaya kuna kile kitambaa kizuri cha kushonwa kwa mkono, kiondoe leo. Matundu yale ya juu ndiyo pua zake. Huku kwetu ziwani nikifungua mashine hukuta vumbi na tabaka la sami, vile vijidudu vinavyotoka ziwani kama moshi. Kwenu juu huko sami hawafiki, ila vitambaa vinafika kila mahali.

Kuhusu simu sina mengi. Isifunguliwe hadi mwisho, ibaki chini kidogo, na ile mipangilio ya kuongeza besi ndani ya simu izimwe yote. Hakikisha pia waya haukuingia kwenye tundu lililoandikwa PHONO. Hilo ni la santuri peke yake. Sindano ya santuri hutoa sehemu chache tu za elfu za volti moja, simu hutoa mara mia au zaidi ya hapo, kwa hiyo kila kitu kitapasuka hata kwa sauti ya chini. Tundu la AUX au la kaseti ndilo lako.

Lakini kuna uharibifu ambao hakuna fundi atakayeuondoa, nao uko kwenye rekodi zenyewe. Wewe uko Isukha, najua kwenye simu yako kuna isukuti uliyoirekodi harusini au mazishini, umesimama hatua tatu kutoka kwa ngoma. Maikrofoni ya simu ilizidiwa pale pale, wimbi likakatwa kichwa kabla halijafika hata kwa spika. Sikiliza rekodi hiyo kwa visikizi. Ikipasuka humo, itapasuka kwenye redio yoyote duniani. Siku nyingine rudi nyuma hatua 15, usimame pembeni.

Ikiwa nimekosea, na mkwaruzo ukahama ulipobadilisha waya za spika, basi usikilize una tabia gani. Ukisikika unapozungusha nobu tu, nobu ina uchafu ndani, na dawa ya kusafisha kontakti inatosha. Mafuta ya taa na ya cherehani hapana. Upande ukiwa hafifu na wenye kukwaruza kwa sauti ndogo, kisha ukafunguka ghafla ukiongeza, nashuku rilei ya spika, swichi ya ndani inayojiwasha yenyewe, ile inayosema "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Zungusha pia kila swichi iliyo mbele mara 20 kwenda na kurudi, mashine ikiwa imezimwa, na uchomeke na kuchomoa plagi ya visikizi, maana kwenye amplifaya nyingi za zamani sauti ya spika hupitia hapo. Nimeponya amplifaya nyingi kwa njia hiyo, na wenyewe sikuwalipisha.

Zaidi ya hapo usifungue kifuniko. Kapasita kubwa zilizo ndani, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, hushika umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Mwachie fundi, naye kabla ya kuunganisha spika yoyote apime volti za umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye vishikio vya spika, bila muziki. Sehemu ndogo ya volti, kama 0.05 kushuka chini, ni salama. Ikifika volti 1 na kuendelea, spika zisiunganishwe hadi kosa lipatikane, la sivyo koili itaungua na utakuwa na magonjwa matatu.

Ukiamua kuleta spika Kisumu, usibebe boksi zima kwenye matatu. Piga picha ya waya za nyuma ya spika ya besi kwa simu, andika ipi ilikaa kwenye alama ya nyekundu, ifungue peke yake, uilaze kifudifudi kwenye karai au sufuria pana ili karatasi isiguse kitu, na uishike mapajani. Sumaku yake ni kali, kwa hiyo weka kadi ya benki mfuko mwingine. Lakini kwanza fanya lile la kubadilisha waya, uniandikie sentensi moja tu: ilihama, au haikuhama.